Nyasi Zetu na Sheria za Ardhi

Huku kwetu Rungwe mvua ni nyingi na nyasi hazikosi; kwa hiyo wengi hawazihesabu kuwa mali. Lakini sheria huzihesabu, tena kwa mafungu. Yafaa tuyajue mafungu hayo, maana kijiji kisichoyajua chaweza kupoteza malisho yake.

Sheria mbili za mwaka 1999, yaani Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zaigawa ardhi ya Tanzania katika mafungu matatu: ardhi ya hifadhi, ardhi ya kijiji na ardhi ya jumla.

Nyasi za Kitulo, kaskazini-mashariki ya Tukuyu, ni mfano wa fungu la kwanza. Uwanda ule ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, na ndani ya hifadhi ya taifa hairuhusiwi kuchunga ng'ombe, hata majani yawe mengi namna gani.

Nyasi za kijiji ni za namna mbili. Mama aliyepanda mabingobingo kandokando ya shamba ili amkatie ng'ombe wake wa bandani, nyasi zake zi katika ardhi ya kaya, nayo yaweza kupewa hati ya hakimiliki ya kimila. Lakini bonde wanamokata majani watu wote ni ardhi ya pamoja. Kijijini kwetu hao hasa ni wale wasio na nafasi ya kupanda.

Hatari iko katika fungu la tatu. Sheria Na. 4 yasema ardhi ya jumla ni pamoja na ardhi ya kijiji isiyokaliwa wala kutumiwa. Sheria Na. 5, inapoeleza maana ya ardhi ya jumla, haina maneno hayo. Basi mgeni akiliona bonde halina nyumba wala mahindi, aweza kusema halitumiki, kumbe limepumzishwa ili majani yaote. Hata hivyo Sheria Na. 5, katika kuitambua ardhi ya kijiji, yataja waziwazi ardhi iliyopumzishwa na ile ya kulishia mifugo.

Je, dawa ni nini? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Halmashauri ya kijiji hupendekeza sehemu zitakazokuwa za pamoja, mkutano mkuu wa kijiji huzikubali, kisha zaandikwa katika daftari ya kijiji.

Mimi nina miaka 17, na mkutano mkuu ni wa watu wa miaka 18 na zaidi. Lakini fedha za maziwa ndizo zinazoninunulia madaftari. Kwa hiyo likizo hii nitawauliza wazee wetu: bonde letu limeandikwa? Nanyi wenzangu, ulizeni kwenu.