SOMO LA MWEZI: CHAMA CHA MADAKTARI WAPASUAJI

Ndugu wafanyakazi wa viwanda na mashamba, wa Tororo, Malaba na Busia zote mbili,

Mwezi huu tunajifunza habari za chama ambacho si cha wafanyakazi kama chetu, lakini kazi yake inatugusa siku ile mkono wa mwenzetu unaponaswa na mashine.

Mwaka 1950 madaktari wa upasuaji wa nchi zetu waliunda Chama cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki. Enzi hizo za ukoloni walikuwa wachache, wengi wao Wazungu, na kila mmoja alikuwa peke yake katika hospitali yake. Shabaha ilikuwa wakutane, waelezane waliyoyaona, wasahihishane.

Faida ya kuulizana ilionekana hapa hapa Uganda. Denis Burkitt, mpasuaji wa Mulago, aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya unaoua watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari, wakasafiri maelfu ya maili hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza kila hospitali: ugonjwa huu mnao? Wakagundua kwamba unafuata sehemu za joto na mvua, zile zile za malaria. Sisi wa huku tunakaa katika sehemu hizo. Mzazi, ukiona taya la mtoto linavimba, usingoje. Siku hizi dawa zipo na wengi hupona wakiwahi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli iligawanywa na ndege zikagawanywa. Chama cha wapasuaji hakikugawanywa. Hapo nawasifu.

Lakini tatizo kubwa lilibaki. Aliyetaka kuwa mpasuaji alilazimika kwenda Ulaya, au apate moja ya nafasi chache za Makerere, Nairobi na kwingineko. Waliokwenda mbali, baadhi hawakurudi. Kwa hiyo mwaka 1999 wapasuaji walianzisha Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kwa kifupi COSECSA, ambacho ofisi yake iko Arusha. Baadaye chama na chuo viliungana. Leo kina nchi wanachama 14, kuanzia Sudan hadi Namibia.

Chuo hiki hakina madarasa. Daktari hubaki hospitalini akitibu watu, huku akifundishwa na mpasuaji aliyemtangulia, kama vile kijana wa karakana anavyojifunza kwa fundi mkuu. Ngazi ya kwanza huchukua miaka miwili, na ubingwa kamili miaka mitano. Mtihani ni mmoja kwa nchi zote, na aliyeshindwa hapiti kwa sababu ya jina la baba yake.

Uongozi wake ni Baraza lenye wajumbe wa kila nchi, na Rais. Jane Fualal wa Uganda alikuwa mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Matawi yetu yenye mwenyekiti mwanamke ni mangapi? Nauliza tu.

Msichanganye mambo, ndugu. Chama hiki hakidai mishahara. Madaktari wa Kenya waliogoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, waliongozwa na chama chao cha wafanyakazi. Hiki cha wapasuaji kinalinda ujuzi.

Na ujuzi huo ni mali yetu. Niliwahi kumsindikiza kijana wa kiwanda kimoja ambaye vidole vyake vilisagwa. Tulingoja mpasuaji siku mbili. Alipofika, vidole viwili vilivyoweza kuokolewa vilikuwa vimeoza. Baadaye fidia ilihesabiwa kwa vidole vilivyokatwa, na hakuna aliyeuliza habari za zile siku mbili.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2000 na ya Kenya ya mwaka 2007 zinamtaka mwajiri alipe matibabu ya aliyeumia kazini, na kiasi cha ulemavu hupimwa na daktari. Basi katibu wa kila tawi aandike: hospitali ya karibu yenye mpasuaji ni ipi, yupo siku gani, na gari la kumpeleka majeruhi usiku linatoka wapi. Karatasi hiyo ibandikwe karibu na saa ya kuingilia kazini, na nakala apewe meneja, atie sahihi kwamba ameipokea.