Mama anywe dawa, uvimbe ung'ae?

Wiki hii nina barua ya kitinda mimba wa familia moja. Mama yao alianza na maumivu ya kichwa ya alfajiri, yakafuata matapishi, hadi siku moja akaanguka sebuleni akitetemeka mwili mzima. Majirani wakasema mapepo. MRI ikasema uvimbe kwenye ubongo. Sasa kaka mkubwa amewasiliana na hospitali moja India, akaambiwa mgonjwa atakunywa dawa, uvimbe utang'aa, na daktari atauondoa wote. Kaka anatafuta mnunuzi wa kiwanja. Mdogo mtu anauliza: Dada, ni kweli hii au tunaibiwa?

Dawa ipo, mdogo wangu, na inafanya kazi. Hiyo ahadi ya kuuondoa wote ndiyo isiyonikalia sawa.

Uvimbe unaotibiwa hivi hasa ni glioma kali, ile iitwayo glioblastoma. Ubaya wake uko kwenye ukingo. Umewahi kuloweka kanga mpya pamoja na shuka jeupe, rangi ikavuja? Ukiambiwa ukate kwa mkasi pale rangi ilipoishia, utakata wapi? Ndiyo kazi ya daktari wa ubongo. Kwa taa ya kawaida, hata akitumia hadubini, ukingo wa uvimbe na ubongo usio na ugonjwa hufanana sana. Akikata kidogo anaacha ugonjwa. Akizidisha, mama anaamka bila usemi, au mkono hauinuki.

Dawa yenyewe madaktari huiita 5-ALA. Ni unga unaoyeyushwa kwenye maji, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa, na anakunywa kama saa 3 kabla ya kupewa nusu kaputi. Hata mwili wetu huitengeneza kidogo kidogo wakati wa kuunda ule wekundu wa damu. Seli za glioma kali huigeuza kuwa kemikali nyingine inayorundikana ndani yake, basi daktari akibadili taa ya hadubini kuwa ya bluu, uvimbe unawaka mwekundu na kingo zake zinaonekana za waridi. Anakata kwa taa nyeupe, anageuza ya bluu, anatazama kilichobaki, anaendelea.

Daktari Walter Stummer na wenzake wa Ujerumani walichapisha mwaka 2006 utafiti uliolinganisha wagonjwa waliokunywa dawa hii na waliopasuliwa kwa taa ya kawaida. Waliokunywa, 65 katika kila 100 waliondolewa uvimbe wote unaoonekana kwenye MRI. Wa taa ya kawaida walikuwa 36. Baada ya miezi 6, waliokunywa ambao ugonjwa haukuwa umesonga mbele walikuwa karibu mara mbili ya wale wa taa ya kawaida. Lakini urefu wa maisha kwa jumla haukutofautiana kwa kiasi cha kujivunia. Tena angalia: uvimbe unaoonekana. Glioblastoma huwa imeshapenyeza seli zake mbali kuliko MRI au taa yoyote inavyofika, ndiyo maana baada ya upasuaji kuna mionzi na dawa za saratani. Asiyewaambia hivyo kabla ya kuchukua hela zenu, mimi simwamini.

Kwa hiyo swali la kwanza la kaka liwe: uvimbe wa mama ni wa aina gani? Glioma za taratibu nyingi haziwaki kabisa. Uvimbe wa kwenye utando wa ubongo, ambao mara nyingi si saratani, kwa kawaida una mpaka unaoonekana, na daktari mzoefu huutoa bila dawa hii. Mkishajua aina, ulizeni uvimbe uko jirani na nini, maana ile taa humwonyesha daktari ugonjwa, haimwonyeshi sehemu ya kuongea iko wapi. Ulizeni pia kama wanatumia fluoresini. Hiyo huchomwa kwenye mshipa, hung'aa njano, na ni rahisi zaidi kwa bei. Ila huvuja popote mishipa ya ubongo ilipoharibika, hivyo haichagui uvimbe kwa umakini kama 5-ALA. Na mkojo utakuwa wa njano kali, msishtuke.

Kabla ya hati ya kiwanja kutoka nyumbani, MRI hiyo ioneshwe hospitali ya MOI pale Muhimbili, wanakopasua ubongo mwaka mzima. Mikono iliyozoea inayompata mama mapema ni bora kuliko taa ya bluu inayosubiri miezi mitatu ya kuchangishana kwenye kundi la WhatsApp. Uvimbe mkali hausubiri.

Mkienda India basi, mwambieni daktari dawa zote anazotumia mama, pamoja na mitishamba aliyoletewa na shangazi. Zipo zinazozidisha athari ya mwanga kwenye ngozi, hata antibayotiki kama doksisaiklini. Akishakunywa 5-ALA, siku moja hadi mbili anakaa chumba chenye mwanga hafifu. Asipigwe na jua wala taa kali, ngozi itaungua. Najua ndugu zetu, mtu anaingia wodini na la kwanza ni kufungua pazia. Mteueni mmoja awe mkali mlangoni.

Halafu ulizeni MRI ya baada ya upasuaji itapigwa lini. Ifanyike ndani ya siku 3, kwa sababu baadaye mabadiliko ya kidonda huanza kufanana na mabaki ya uvimbe, na msomaji wa picha anabaki kubahatisha. Daini CD yake pamoja na majibu ya maabara, mrudi navyo. Kama mionzi itafanyika hospitali ya saratani ya Ocean Road, madaktari wa huko watavihitaji siku ya kwanza.