SOMO LA MWEZI: UGONJWA UNAOONDOKA KABLA YA KUMWONA DAKTARI



Katika masomo yetu tumezoea kuzungumza juu ya ajali zinazoonekana: kidole kilichokatwa, mguu uliochomwa na mvuke, jicho lililoingia dawa ya shamba. Jeraha la namna hiyo lina ushahidi wake. Nyapara hawezi kulikataa, na daktari hulitazama kwa macho yake.

Leo tunajifunza juu ya ugonjwa usiokuwa na jeraha. Humpata mtu ghafula, humlegeza mkono au humfunga ulimi kwa dakika chache, kisha huondoka. Akifika zahanati anaonekana mzima. Kwa sababu hiyo wenzetu wengi wameitwa walevi, wavivu au waongo.

Tutaanza na habari iliyotokea katika tawi letu, katika kiwanda cha sukari hapa Uganda. Mwenyewe ametupa ruhusa tuieleze, bila kutaja jina lake wala la kampuni.

YALIYOMPATA NDUGU YETU

Ndugu huyu, mwenye umri wa miaka 41, alikuwa akiangalia mkanda unaopeleka miwa kwenye kinu. Usiku mmoja, kama saa nane hivi, mkono wake wa kulia ulilegea akaangusha spana. Akataka kumwita mwenzake, lakini maneno yakatoka yamevurugika. Baada ya dakika kumi hivi mkono ukapata nguvu na ulimi ukafunguka. Msimamizi wa zamu alikuwa amemsikia. Hakuuliza neno. Aliandika katika kitabu chake ya kuwa mfanyakazi huyu amelewa kazini, na asubuhi barua ya onyo ikatoka.

Ndugu alikwenda zahanati siku ya tatu, alipopata mapumziko. Akapimwa malaria, hakukutwa nayo. Akapewa vidonge vya maumivu. Baada ya wiki tano hali ikamrudia kambini, safari hii na uso ukapinda upande mmoja. Majirani wakasema amerogwa, na siku mbili zikapotea kwa mganga. Mara ya tatu alifika hospitali kubwa, akapigwa picha ya kichwa, akaambiwa: "Kichwa chako hakina kitu." Alifurahi kwa siku moja tu. Msimamizi alipoiona karatasi hiyo alisema, kama kichwa hakina kitu basi ni pombe.

Hapa hatuna budi kusema kosa letu sisi viongozi wa tawi. Alipotuletea barua ya onyo tulimwuliza mara mbili kama kweli hakunywa. Ndugu huyu hanywi pombe, na sisi tulijua. Tukamwambia anyamaze kwanza, mambo yapoe. Kwa miezi minne alikaa hivyo, akiogopa kulala, akiogopa mkanda, akiogopa hata kusema kwamba anaogopa. Mtu anayeumwa ugonjwa usiojulikana hubeba mizigo miwili: ugonjwa wenyewe, na kutosadikiwa. Mzigo wa pili tulimwongezea sisi.

KIHARUSI CHA KUPITA NI NINI?

Ubongo hulishwa na damu inayopita katika mishipa. Kiharusi hutokea mshipa unapozibwa na donge la damu iliyoganda, au unapopasuka damu ikamwagika ndani ya kichwa. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu hufa, na kiungo inachokiongoza hupooza.

Mara nyingine donge huziba mshipa kwa muda mfupi, kisha huyeyuka au husukumwa likapita. Sisi tunaofanya kazi kiwandani tumeona jambo kama hilo: makapi ya miwa huziba bomba la juisi, mashini ikalalamika, halafu makapi yakapita na juisi ikatiririka tena. Fundi mjinga husema bomba limepona. Fundi mwerevu hutafuta makapi yametoka wapi, maana yatarudi. Hali hiyo katika ubongo tutaiita kiharusi cha kupita. Kwa kawaida haifiki saa moja, na mara nyingi huwa dakika chache tu.

Dalili zake huja ghafula:

(a) uso kupinda upande mmoja;
(b) mkono au mguu wa upande mmoja kulegea au kufa ganzi;
(c) maneno kuvurugika, kukosekana, au mtu kutoelewa anayoambiwa;
(d) jicho moja kutoona, kana kwamba pazia limeshuka;
(e) kuyumba ghafula na kushindwa kutembea sawasawa, pamoja na dalili nyingine kati ya hizi.

HATARI YAKE

Mtu akipata nafuu husema, "Imekwisha." Haijakwisha. Utafiti uliotolewa mwaka 2000 kutoka jimbo la California, Marekani, ulionyesha kwamba kati ya watu 100 waliopatwa na kiharusi cha kupita, kama 10 walipata kiharusi kamili ndani ya siku 90. Nusu ya hao walikipata ndani ya siku 2 za kwanza. Mwaka 2007 madaktari wa Oxford, Uingereza, walionyesha upande wa pili: wagonjwa walipochunguzwa na kuanzishiwa dawa upesi, viharusi vya siku 90 vilipungua kutoka kama 10 katika kila 100 hadi kama 2.

Basi siku ya kwenda hospitali ni siku ileile, hata kama mkono umerudi na mtu anacheka. Ndugu yetu alingojea siku tatu kwa kuogopa kukatwa mshahara. Alikuwa akicheza na maisha yake bila kujua, na hakuna aliyemwambia.

KWA NINI HAIONEKANI?

Watu wengi hufikiri ya kuwa mashini kubwa ya hospitali huona kila kitu. Sivyo. Picha ya kichwa ya mashini ya CT huonyesha vizuri damu iliyomwagika, au sehemu kubwa ya ubongo iliyokufa. Kiharusi cha kupita aghalabu hakiachi alama ambayo CT inaweza kuiona. Mashini ya MRI huona zaidi, lakini nayo mara nyingine haioni kitu. Kwa hiyo maneno "picha haina kitu" yana maana ya kwamba hakuna damu iliyomwagika wala kidonda kinachoonekana. Hayana maana ya kwamba hakuna lililotokea.

Tena yako magonjwa mengine yanayofanana na hili. Sukari ya damu ikishuka sana mtu huvurugikiwa na maneno na kulegea. Aina moja ya kipandauso huleta ganzi na macho kuona vimulimuli. Baada ya kifafa mkono unaweza kulegea kwa muda. Ndiyo maana daktari hawezi kusema jina la ugonjwa kwa kumtazama tu mtu aliyekwisha kupata nafuu. Anategemea habari: ilianza saa ngapi, ilianza ghafula au polepole, ni upande gani, ilidumu kwa muda gani.

Na ni nani mwenye habari hiyo? Si mgonjwa, maana wakati ule ulimi na akili vilikuwa vimefungwa. Ni yule aliyesimama karibu naye kwenye mkanda, kwenye mizani ya majani ya chai, au kwenye mstari wa kukata miwa. Ndugu, hili ndilo fundisho letu la leo: katika ugonjwa huu mwenzako wa kazi ndiye jicho la daktari.

JINSI UKWELI ULIVYOPATIKANA

Mara ya nne ilitokea tena kazini. Mfanyakazi kijana wa zamu ile alimvuta ndugu yetu mbali na mkanda, akatazama saa, akatoa simu yake akapiga picha za video kwa dakika mbili. Uso uliopinda na maneno yaliyovurugika vyote vilionekana. Usiku uleule alimpeleka hospitali kwa pikipiki, akiwa amekaa nyuma yake amemshika.

Daktari aliitazama ile video mara mbili. Kisha akamshika ndugu yetu kifundo cha mkono, akahesabu mapigo kwa dakika nzima. Mapigo yalikuwa yakienda bila mpango, mara haraka, mara yanaruka. Kipimo cha umeme wa moyo kikathibitisha. Picha ya moyo ikaonyesha mlango mmoja wa moyo ulioharibika, tangu homa ya viungo aliyoipata utotoni baada ya kuumwa koo. Moyo unaopiga hivyo huacha damu itulie ndani yake na kuganda, na vipande vya damu hiyo hupanda kichwani. Mapigo hayo huja na kwenda, na kumbe vipimo vya awali vilifanywa wakati moyo umetulia, au havikufanywa kabisa.

Sasa anatumia dawa ya kuzuia damu isigande, na hupimwa damu mara kwa mara ili dawa isizidi wala isipungue. Barua ya onyo tuliifuata kwa vikao viwili hadi ikaondolewa katika faili lake. Amehamishiwa ghala, mbali na mkanda. Posho ya zamu ya usiku imempotea, na suala hilo bado tunalishughulikia.

Hatusemi kila mtu atapata jibu kama yeye. Wako ambao huchunguzwa kila mahali na chanzo kisionekane. Hata hao wana kazi ya kufanya: kupima shinikizo la damu na kulitibu likikaa kwenye 140 juu ya 90 au zaidi, kupima sukari, kuacha sigara, kupunguza chumvi na pombe, na kutoacha dawa walizopewa kwa sababu wanajisikia vizuri. Shinikizo la damu kwa kawaida halina maumivu. Vijana nao wasijidanganye: maradhi ya moyo, selimundu, Ukimwi na kaswende vinaweza kuleta kiharusi kabla ya uzee.

MAMBO YA KUFANYA MWENZETU AKIPATWA

1. Mwondoe kwenye mashini, ngazi, moto au panga. Asirudi kazini siku hiyo hata akisema amepona.
2. Tazama saa, uandike. Ikiwa dalili hazitaondoka, iko dawa ya kuyeyusha donge, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza, na baada ya picha ya kichwa. Mahali pengine dawa hiyo haipo, lakini saa iliyoandikwa husaidia kila mahali.
3. Mwambie acheke, ainue mikono yote miwili, aseme jina lake na la kijiji chake. Andika unachokiona. Ukiwa na simu ya kamera, piga video, kwa heshima, ya kumpa daktari tu. Usiisambaze.
4. Usimpe chakula, maji wala dawa mdomoni, anaweza kupaliwa. Usimpe aspirini kwa shauri lako: kama ni damu iliyomwagika, aspirini inaweza kuizidisha. Akizimia, mlaze kwa ubavu.
5. Mpelekeni hospitali mara moja, na aliyeshuhudia aende naye.
6. Mgonjwa awe na daftari moja: tarehe, saa, dalili, muda, dawa, na majibu ya vipimo. Aombe shinikizo la damu, sukari, mapigo na umeme wa moyo vipimwe, na aulize kama vipimo virudiwe. Kuuliza si ubishi.

HAKI ZETU

Sheria ya Ajira ya Uganda, ilivyotungwa mwaka 2006, inampa mfanyakazi aliyemaliza walau mwezi mmoja wa kazi mfululizo haki ya mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Ugonjwa ukiendelea hadi mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri anaweza kuvunja mkataba kwa kufuata masharti yake. Kwa hiyo toa habari mapema na utunze cheti cha daktari. Sheria hiyohiyo inasema mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au kwa kazi mbaya, sharti amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu aliyemchagua katika kikao hicho. Mwenzetu akishitakiwa kwa ulevi naye anakana, mwakilishi wa chama aulize kwanza: Je, amepelekwa kwa daktari?

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA MKUTANO WA TAWI

1. Katika idara yenu, ni nani amewahi kulegea au kuvurugikiwa na maneno kisha akapata nafuu? Tulisema nini juu yake?
2. Zahanati yetu ina kipimo cha shinikizo la damu kinachofanya kazi? Kama hakina, nani atalipeleka jambo hilo kwa mwajiri, na lini?
3. Usiku, mtu akipatwa, ni gari gani litamchukua, na ufunguo uko kwa nani?

Wenzetu wa zamu ya usiku walijibu swali la tatu wiki iliyopita: ufunguo ulikuwa kwa dereva anayelala kilomita sita kutoka kiwandani. Hilo ndilo jambo la kwanza katika kikao chetu kijacho na mwajiri. Tawi lenu nalo litafute jibu lake, lisingoje mtu aanguke.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.