Nyumba Iliyojengwa kwa Ajili ya Wajao

1. Mahali penyewe

Mtu akisimama katika kiwanja cha Mnazi Mmoja, mjini Dar es Salaam, akielekea upande wa machweo ya jua, huona mbele yake njia ndefu iitwayo Mtaa wa Lumumba. Ng'ambo ya mtaa huo ndipo ilipo Kariakoo, sehemu ya mji yenye soko kubwa, maduka mengi, na watu wengi mno. Hapo huuzwa vitunguu na vitenge, ndoo na viatu, dagaa na simu. Mwenye haraka haoni ila biashara. Lakini mtaa ule una habari yake, nayo ndiyo tutakayojifunza leo: habari ya watu wasio na mali, waliojenga nyumba moja ya shirika, na jinsi kazi yao ilivyowafaa watu ambao siku zile walikuwa hawajazaliwa.

Kwanza tujue maana ya jina. Wajerumani walipokuwa watawala wa nchi hii, walikusudia kuwahamishia Waafrika wa mji mahali hapa, wakajenga na jengo la soko. Kabla halijafunguliwa vita vikatokea mwaka 1914. Waingereza walipoutwaa mji mwezi wa Septemba 1916, waliwaweka hapa wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Wapagazi hao walichukua vichwani unga, risasi na hema, wakapita maporini na mabondeni mwezi baada ya mwezi. Maelfu kwa maelfu walikufa, na waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Midomo ya watu ikaligeuza lile jina la Kiingereza, likawa Kariakoo. Basi jina la mahali hapa ni ukumbusho wa watu waliochukua mizigo ya wengine.

2. Mji uliogawanyika

Baada ya vita Waingereza waliugawa mji sehemu tatu. Karibu na bahari palikuwa Uzunguni. Katikati palikuwa Uhindini. Na Kariakoo ikawa sehemu ya Waafrika. Kiwanja cha Mnazi Mmoja kiliachwa kitupu katikati ili kutenga Uhindini na Kariakoo.

Nyumba za Kariakoo zilijengwa kwa boriti, fito na udongo, na nyingi ziliezekwa makuti. Kila nyumba ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba kuume na kushoto, na ua nyuma. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja, akapangisha vingine. Kwa hiyo chini ya paa moja ungeweza kumkuta Mzaramo, Mnyamwezi, Mmanyema na Myao, wakipika ua mmoja na kuteka maji pamoja.

Walakini kukaa pamoja si kuwa na shauri moja. Watu wa kila kabila walikuwa na chama chao cha kuzikana na kusaidiana mgeni akifika au mgonjwa akikosa wa kumwuguza. Vyama hivyo vilikuwa vyema, lakini kila kimoja kilitazama jamaa zake tu. Jambo lililowagusa wote halikuwa na mwenyewe. Kama kodi ilizidi, kama shule hazikutosha, kama karani Mwafrika alilipwa kidogo kuliko mwenziwe wa taifa jingine kwa kazi ile ile, nani angenena kwa niaba ya wote? Kidole kimoja hakivunji chawa.

3. Shauri la watu wachache

Mwaka 1924 alifika Dar es Salaam mwalimu mmoja Mwafrika, mzaliwa wa Gold Coast, nchi ambayo leo huitwa Ghana. Jina lake James Aggrey. Alikuja pamoja na wajumbe waliokuwa wakichungua hali ya elimu katika Afrika. Kwa masimulizi ya jamaa zake, Kleist Sykes, karani wa reli, alionana na Aggrey, naye akamhimiza kuwaunganisha Waafrika wenziwe. Aggrey alifariki mwaka 1927 asiione kazi hiyo, lakini mpaka leo Kariakoo ina mtaa uitwao kwa jina lake.

Mwaka 1929 chama kikaanzishwa, kikaitwa African Association, yaani Chama cha Waafrika. Rais wake wa kwanza alikuwa Cecil Matola, mwalimu wa shule. Mwandishi wake alikuwa Kleist Sykes. Angalieni neno hili: mmoja alikuwa Mkristo na mmoja Mwislamu. Kabila zao zilikuwa mbalimbali. Hawakuulizana kwanza, "Wewe watoka wapi?" bali, "Tunakwenda wapi?" Nia yao ilikuwa kuwaunganisha Waafrika wote bila kujali kabila wala dini, na kutafuta maendeleo yao.

4. Kujenga nyumba

Chama kisicho na nyumba ni kama mtu asiye na kwao. Mkutano leo hufanyika barazani kwa fulani, kesho kwa mwingine. Barua hupotea, na watu husema chama ni cha mwenye baraza. Kwa hiyo wanachama waliazimu kujenga nyumba itakayokuwa mali ya wote, katika mtaa ulioitwa siku zile New Street. Katika miaka ya mwanzo ya 1930 wakaijenga, wakichanga fedha na kujitolea kwa mikono yao.

Huenda mwanafunzi akauliza: "Watu wale walikuwa maskini. Mishahara yao ilikuwa midogo, na nyumba zao wenyewe zilivuja. Je, haikuwa afadhali kila mtu atengeneze kwake kwanza?" Swali hili ni la haki, nalo lastahili kujibiwa vizuri.

Ni kweli kwamba aliyetoa shilingi alizikosa nyumbani, na aliyetoa siku yake ya mapumziko hakupumzika. Hasara hiyo ilikuwa hasara kweli. Lakini fikirini. Shilingi ya mtu mmoja ikiwekwa katika paa lake huzuia mvua ya mwaka mmoja au miwili, kisha makuti huoza. Shilingi za watu mia zikiwekwa pamoja huleta kitu ambacho hapana mmoja wao angekipata peke yake hata akiishi miaka mia: mahali pa kukutania, kusikilizana, na kuamua. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini lazima kwanza kiwepo kibaba chenyewe. Nyumba ile ndiyo iliyokuwa kibaba.

Wala si chama hiki tu kilichokuwa na moyo huo. Mwaka 1933 Waislamu wa mji walianzisha chama cha Al Jamiatul Islamiyya, nao wakajenga shule ya watoto wao, isomeshe dini pamoja na elimu ya kawaida. Kleist Sykes alikuwamo katika kazi hiyo pia. Aliyejifunza kujenga na wenziwe mara moja hakushindwa kujenga tena.

5. Waliovuna

Kleist Sykes alifariki mwaka 1949. Siku zile Tanganyika ilikuwa bado chini ya Waingereza, na mtu asiyejua angeweza kusema kwamba jitihada ya miaka ishirini haikuzaa kitu. Lakini mbegu haikufa ardhini. Wanawe wakaendelea na kazi ya chama. Mwezi wa Aprili 1953 wanachama walimchagua kuwa rais mwalimu kijana wa shule ya misheni huko Pugu, Julius Nyerere, aliyekuwa amerudi karibuni kutoka masomoni Edinburgh. Na tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba ile ile ya New Street, wajumbe kutoka mjini na majimboni wakakigeuza chama kiwe TANU, chama cha kudai uhuru. Siku hiyo ndiyo tunayoiita Saba Saba.

Hata hapo nyumba ingekuwa tupu kama wanawake wasingeingia. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji katika ngoma za wanawake wa Dar es Salaam. Yeye na wenziwe walikuwa na mtandao wa ngoma na jamaa katika kila mtaa, wakajua kila ua na kila baraza. Mwaka 1955, kwa muda wa miezi mitatu, aliingiza chamani wanawake wapatao 5,000. Leo barabara ipitayo upande wa pili wa Mnazi Mmoja huitwa kwa jina lake.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu kuliko yote. Mwaka 1961, uhuru ulipokaribia, nchi ilikuwa na wanasheria Waafrika wa kuhesabika kwa vidole. Mtu aliyetaka masomo ya juu sharti atoke nchini, kama vile kwenda Makerere, Uganda, au ng'ambo ya bahari. Shauri likawa kuanzisha chuo kikuu hapa nchini, lakini majengo hayakuwapo. Je, wangoje miaka mitatu mpaka kuta zisimame? Hawakungoja. TANU ilitoa jengo lake jipya katika mtaa ule ule, uliokuja kuitwa Lumumba, na tarehe 25 Oktoba 1961 chuo kikafunguliwa humo. Kilianza na masomo ya sheria tu, na wanafunzi hawakufika hata ishirini. Wiki sita baadaye, tarehe 9 Desemba, nchi ikapata uhuru.

Mwaka 1964 chuo kilihamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tangu hapo mahakimu, waganga, walimu na wahandisi maelfu wametoka humo. Wengi wao huenda hawajui kwamba chuo chao kilianzia karibu na soko la vitunguu, katika mtaa ambao watu wa mishahara midogo walijenga nyumba yao kwa kujinyima.

6. Kujenga na kutunza

Iko sehemu moja ya mafunzo haya ambayo watu huisahau. Kitu cha wote hakijitunzi chenyewe.

Kariakoo yenyewe yatufundisha hayo. Miaka ya 1970 lilijengwa soko jipya, nalo lilichorwa na Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza wa Afrika ya Mashariki waliosomea uchoraji wa majengo. Paa lake lilifanywa kama miavuli mikubwa iliyogeuzwa, ili wauzaji wapate kivuli na upepo, na maji ya mvua yakusanywe. Mwalimu Nyerere alilifungua mwaka 1975. Lakini usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliliunguza, na wafanya biashara wengi wakapoteza mali yao. Baadaye Serikali ilianza kazi ya kulitengeneza na kujenga jingine kando yake. Kazi ya miaka yaweza kuteketea kwa usiku mmoja. Kwa hiyo anayelinda, anayefagia na anayezima moto ni mjenzi kama yule aliyeweka jiwe la kwanza.

Basi, wanafunzi, tushike mambo manne. Kwanza, shauri jema halingoji mali nyingi. Linangoja watu wanaoaminiana. Pili, atakaye kuwafaa wote asichague kabila wala dini ya kufaa. Tatu, mchango mdogo utolewao daima hushinda mchango mkubwa utolewao mara moja kwa majivuno. Nne, kilichojengwa na waliotutangulia si chetu peke yetu. Tumewekewa amana, nasi tutaulizwa na wale wajao nyuma yetu: Mlitupokelea nini, na mmetuachia nini?

Apandaye mnazi mara nyingi si yeye atakayeangua nazi zake zote. Anajua hivyo, naye hupanda.

Maneno ya kueleza

Shirika: kuwa na kitu pamoja. Kuazimu: kukata shauri la kufanya jambo. Kujinyima: kukosa kwa hiari yako ili upate kutoa. Amana: kitu ulichowekewa ukitunze.

Maswali

1. Jina la Kariakoo lilitoka wapi, na kwa nini twasema ni ukumbusho?
2. Vyama vya kabila vilikuwa na faida gani? Vilipungukiwa na nini?
3. Kwa nini wanachama hawakutosheka kukutana barazani kwa watu?
4. Toa hoja ya mtu aliyekataa kuchanga, kisha umjibu kwa maneno yako mwenyewe.
5. Hesabu: Tangu chama kilipoanzishwa mpaka chuo kilipofunguliwa ilipita miaka mingapi? Kleist Sykes alikuwa amefariki miaka mingapi kabla ya siku hiyo?
6. Taja kitu kimoja kijijini au mtaani kwenu kilichojengwa na watu waliokwisha kufa. Waulize wazee habari zake, uandike ukurasa mmoja. Mwisho useme ni nani anayekitunza sasa.