SINEMA IKISHTAKIWA KUWA YA UONGO

Kuna sinema za kuchezwa, ambamo watu huigiza hadithi; na kuna sinema za mambo ya kweli, ambazo mtengenezaji hudai kuonyesha watu wenyewe na matendo yao wenyewe. Sinema ya namna hii ya pili ni kama shahidi. Je, shahidi akisifiwa na wengi, kisha akashtakiwa kuwa mwongo, mwenye busara afanyeje?

Mfano wa kwanza ni wa Bukavu. Mwaka 2015 Thierry Michel, Mbelgiji, pamoja na mwandishi wa magazeti Colette Braeckman, alitoa sinema juu ya daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, na juu ya wanawake waliotendewa jeuri vitani. Mwezi wa Septemba serikali ya Kongo iliikataza. Waziri Lambert Mende alisema kwamba maneno ya mashahidi, waliosema kwa lugha za kienyeji, yamegeuzwa katika tafsiri ya Kifaransa ili kulichafua jeshi. Michel alikana. Mwezi wa Oktoba katazo liliondolewa.

Hapo mwamuzi ni nani? Si cheo cha waziri, wala sifa za Ulaya. Hata tuzo ya Nobel aliyopewa Mukwege mwaka 2018 yampa heshima daktari, lakini haithibitishi tafsiri ya neno hata moja. Mwamuzi ni yule asikiaye Kiswahili au Mashi, akalinganisha maneno ya shahidi na maandishi yaliyo chini ya picha. Mtu wa Kavumu aweza kazi hiyo kuliko wataalamu wa Paris. Tena, neno likionekana limepotoshwa, lisahihishwe neno hilo. Majeraha ya wanawake hayafutwi kwa kosa la mtafsiri.

Mfano wa pili ni wa Mwanza, Tanzania. Mwaka 2004 Hubert Sauper, Mwaustria, alitoa sinema juu ya sangara wa Ziwa Viktoria. Ilipata tuzo ya César huko Ufaransa mwaka 2006. Ilidokeza kwamba ndege zilizochukua minofu kwenda Ulaya zilileta silaha Afrika. Mwanahistoria François Garçon alipinga, akisema silaha hizo hazionekani katika sinema. Rais Jakaya Kikwete naye aliilaumu. Watu wa Kavumu, wenye uwanja wa ndege kijijini kwao, wanafahamu jambo hili: kuiona ndege si kuona kilichomo tumboni mwake; na kutokiona si ushahidi kwamba hakimo.

Lakini Garçon alisema pia kwamba Sauper aliwalipa watoto ili waigize. Kwa neno hilo, mwaka 2008 mahakama ya Paris ilimhukumu kwa kosa la kumchafulia jina. Basi mshtaki naye hudaiwa ushahidi.

MASWALI

1. Sinema iliyosifiwa yapaswa kuaminiwa yote?
La. Sifa si ushahidi.

2. Sinema iliyoshtakiwa yapaswa kutupwa yote?
La. Kila neno lipimwe peke yake: nani aliona, nani alisikia, nani alitafsiri.

3. Anayeilaumu asadikiwe mara moja?
La. Apimwe kwa mizani ile ile, kwa maana uongo juu ya mwongo ni uongo vilevile.