Njia ya zege uani: mfuko mmoja wa saruji kila wiki

Mvua za masika zikishika, kuanzia Rabai hadi Magarini, hatua chache za kutoka mlangoni hadi chooni au kwenye tangi la maji hugeuka tope la kuteleza. Kijana akianguka huinuka akacheka. Bibi aliyetoka usiku na tochi anaweza kuvunjika nyonga, na matibabu yake yakazidi kwa mbali bei ya saruji ambayo ingeitengeneza njia hiyo.

Familia nyingi huahirisha kazi hii zikingoja pesa za fundi. Si lazima. Mwenye jembe, koleo, mwiko na fremu moja ya mbao anaweza kumwaga kipande kimoja kila jioni.

Fremu ni ya sentimita 60 kwa 60 ndani, kimo sentimita 7.5, yaani inchi tatu. Mfuko wa saruji wa kilo 50 hujaza takriban lita 35 na hutoa vipande vitano. Vikiachiwa nafasi ya sentimita 10 baina yake, vipande 15 hufika mita 10. Hiyo ni mifuko mitatu kwa wiki tatu. Saruji iliyoandikwa 32.5 inatosha, yenye madonge isinunuliwe hata ikiwa nafuu. Mfuko uliofunguliwa ufungwe ndani ya plastiki na uwekwe juu ya mbao, mbali na sakafu.

Kazi huanzia chini. Huchimbwa sentimita 13, hujazwa vifusi kama vipande vya matofali au mawe yaliyobaki kwenye ujenzi, kisha hushindiliwa kwa gogo zito hadi vibaki sentimita 7.5. Kwenye mchanga, ardhi ilowe kwanza ndipo ishindiliwe. Kwenye udongo mweusi unaovimba kwa mvua, shimo liongezwe kina na vifusi viongezwe. Fremu ipakwe oili kuukuu, na upande mmoja ushushwe sentimita moja ili maji yatiririke mbali na ukuta wa nyumba.

Kwa kipande kimoja, hupimwa kwa kopo la lita moja: saruji makopo 7, mchanga 14, kokoto 28. Mchanga wa ufuoni usitumiwe. Una chumvi, na kuuchota huumomonyoa ufuo. Vyote huchanganywa vikavu hadi viwe rangi moja, ndipo maji yatiwe kidogo kidogo.

Hapa ndipo njia nyingi huharibikia. Zege jepesi kama uji ni rahisi kumwaga, kwa hiyo watu huongeza maji. Maji yaliyozidi yakikauka huacha vitundu, na kipande huanza kutoa vumbi na kumeguka, hata saruji ingekuwa nyingi kiasi gani. Kwa kipimo hiki lita 5 zinatosha, au pungufu ikiwa mchanga ni mbichi. Zege zuri likifinywa kwa mkono wenye glovu hushikana bila kudondosha maji. Glovu na buti si mapambo: saruji mbichi huchoma ngozi, nayo ikigusa mwili ioshwe mara moja kwa maji mengi.

Vifusi vinyunyiziwe maji, zege limwagwe, lichomwechomwe kwa fimbo kutoa hewa, kisha lisawazishwe kwa ubao ulionyooka. Maji ya juu yakishapotea, uso ufagiliwe kwa ufagio wa chelewa ili ubaki na mikwaruzo. Niru isipakwe. Inang'aa vizuri sebuleni, lakini nje ikilowa huangusha watu.

Fremu hutolewa kesho yake jioni kwa uangalifu, ikahamia kipande kinachofuata. Kipande kilichobaki hufunikwa gunia loevu na kumwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku saba. Maji yaliyooshewa mboga yanafaa, ya sabuni la. Saruji hupata nguvu ikiwa na unyevu, na jua la Pwani hulikausha zege kabla halijakomaa. Kukanyaga kunaruhusiwa baada ya siku tatu. Rukwama yenye mzigo ingoje wiki.

Palipo na mtu anayetumia kiti cha magurudumu, nafasi kati ya vipande haifai. Njia iwe mfululizo, upana usiopungua sentimita 90, na hapo mfuko mmoja hutoa mita mbili na kidogo. Ni gharama zaidi, ila magurudumu hayatanasa.

Maelezo haya ni ya ndani ya ua. Anayetaka kuendeleza njia nje ya lango, kwenye ardhi ya barabara, aulize kwanza katika ofisi ya msimamizi wa wadi, kwani mitaro na mabomba ya maji hupita huko.