Kulinda Rangi ya Gari Jipya

Mtu anunuapo gari jipya huona fahari kulifuta kila asubuhi kwa kitambaa kikavu. Baada ya miezi michache, gari hilo likisimama juani, huonekana mikwaruzo myembamba isiyohesabika, mfano wa utando wa buibui. Aghalabu mikwaruzo hiyo haikuletwa na safari bali na kitambaa chenyewe. Ili kufahamu sababu yake, hapana budi kuchunguza kwanza rangi ya gari ni kitu gani.

Tabaka za rangi

Bodi za magari mengi hutengenezwa kwa bati la chuma. Kiwandani bati hilo hutiwa kwanza kemikali za fosfati, kisha hupakwa rangi ya msingi izuiayo kutu, rangi ya kati, rangi yenyewe, na mwisho vanishi isiyo na rangi. Tabaka hizi zote kwa pamoja huwa na unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani kama karatasi moja ya daftari. Ngozi hii nyembamba ndiyo itenganishayo chuma na hewa.

Ugumu wa vumbi

Mwaka 1812 mtaalamu wa madini Friedrich Mohs alitunga kipimo cha ugumu chenye ngazi 10. Talki imo katika ngazi ya 1 na almasi katika ngazi ya 10. Kanuni yake ni nyepesi: kitu kigumu hukwaruza kilicho laini. Sehemu kubwa ya mchanga ni madini ya kwatzi, yaliyo katika ngazi ya 7. Kioo cha dirisha hukaribia ngazi ya 5 na nusu, na vanishi ya gari, ambayo ni aina ya plastiki, ni laini kuliko kioo. Kwa hiyo kulifuta gari lenye vumbi kwa kitambaa kikavu ni sawa na kulisugua kwa msasa mwororo.

Namna ya kuosha

Gari lioshwe kivulini, bodi ikiwa imepoa. Juani maji hukauka upesi na kuacha madoa ya chumvi za kalsiamu, hasa yakiwa maji ya kisima.

Kwanza, mwagia maji mengi gari zima ili mchanga uondoke kabla ya kitu chochote kuligusa. Pili, tayarisha ndoo mbili: moja ya maji yenye shampuu ya magari, nyingine ya maji matupu. Sabuni ya kufulia haifai, kwa kuwa ina alkali na huondoa nta. Molekuli ya sabuni ina kichwa kipendacho maji na mkia upendao mafuta; hivyo huunyanyua uchafu, na utelezi wake hupunguza msuguano. Tatu, osha kwa kitambaa laini kuanzia paa kushuka chini, kwa sababu mchanga mwingi hukaa sehemu za chini. Kila baada ya kuosha sehemu moja, suuza kitambaa katika ndoo ya maji matupu kabla ya kukirudisha kwenye sabuni. Mwisho, suuza gari lote na kulikausha kwa kitambaa safi.

Kinyesi cha ndege kisiachwe kukauka. Kina asidi ya uriki, na joto la jua huongeza kasi ya madhara yake. Kilowekwe kwa maji mpaka kilainike, kisha kiondolewe bila kusugua.

Nta na mipaka yake

Baada ya kuosha, gari hupakwa nta. Mojawapo ya nta zinazosifika ni ya karnauba, itokayo katika majani ya mti wa jamii ya mitende uotao Brazili. Nta haichangamani na maji. Ndiyo maana matone hujikusanya mviringo na kuteleza. Hata hivyo, nta haidumu sana, bali hupakwa upya kila baada ya miezi michache. Wala haizuii mchanga kukwaruza.

Hatari ya kutu

Mkwaruzo wa juu huharibu sura tu. Lakini ukifika kwenye bati, chuma hukutana na oksijeni na maji, na kutu huanza. Katika miji ya pwani kama Tanga na Mombasa, upepo hubeba chumvi ya bahari, nayo hurahisisha mwendo wa umeme katika maji na kuharakisha kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholika. Hivyo huibenua rangi iliyo kando na kufungua njia mpya. Kwa sababu hiyo mkwaruzo wa namna hii upakwe rangi mapema.

Jaribio la darasani

Chukua vifuniko vitatu vya makopo ya chuma vilivyopakwa rangi. Viwili vikwaruze kwa msumari mpaka chuma kionekane. Kimoja kati ya hivyo kinyunyizie maji matupu kila siku, na cha pili maji ya chumvi. Cha tatu, kisichokwaruzwa, kinyunyizie pia maji ya chumvi. Andika mabadiliko kwa wiki mbili.

Maswali

1. Kifuniko cha tatu kinathibitisha nini?
2. Kwa nini gari huoshwa kuanzia juu?
3. Ndoo ya pili ina kazi gani?